Kamusi inasema tasa ni asiyezaa: je, namba tasa ni zipi?

Mzazi wa Morogoro ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nina binti wa darasa la sita anayesoma hisabati kwa Kiswahili, na nyumbani tuna kamusi kubwa ya Kiswahili ambayo niliinunua kwa makusudi ili awe na mahali pa kukimbilia kila anapokutana na neno gumu. Katika ushairi na ufahamu kamusi hiyo imemsaidia sana. Katika hisabati naona inamchanganya, na sijui kama kosa liko kwenye kamusi, kwenye namna anavyoitumia, au kwangu mimi niliyemfundisha kuitumia.

Wiki iliyopita alipewa kazi ya kuorodhesha namba tasa zilizo kati ya 1 na 20. Alifungua kamusi, akasoma kwamba tasa ni mtu au mnyama asiyezaa, akaifunga na kuanza kazi. Jibu lake lilikuwa na namba moja tu, nayo ni 1. Hoja yake ilikuwa kwamba 2 ikizidishwa kwa 2 inazaa 4, na 3 ikizidishwa kwa 3 inazaa 9, lakini 1 ikizidishwa kwa 1 inabaki palepale, kwa hiyo 1 ndiyo tasa. Nilijua kwamba jibu si sahihi, ila nilipotaka kumweleza sababu, nikagundua kwamba kwa maana aliyoisoma hoja yake ilisimama imara kuliko yangu.

Siku iliyofuata ikawa zamu ya KDS na KKS za 4 na 6. Aliandika kwamba Kigawe Kidogo cha Shirika ni 2 na Kigawo Kikubwa cha Shirika ni 12, kinyume kabisa cha majibu yanayotakiwa. Nilipomuuliza amefikaje hapo, alinijibu kwamba kidogo ni kidogo na kikubwa ni kikubwa. Jambo la tatu lilinigusa zaidi, kwa sababu aliliuliza kwa uchungu: kama kuzidisha ni kukifanya kitu kizidi, inawezekanaje 8 ikizidishwa kwa nusu ipungue hadi 4?

Nyuma ya kitabu chake kuna faharasa fupi ya istilahi, lakini hajawahi kuifungua, nami sikuwa nimeitilia maanani. Naomba wenye ujuzi mnieleze: mtoto akikutana na neno la hisabati aanzie wapi, kwenye kamusi au kwenye faharasa, na ayasomeje maelezo anayoyakuta huko?

Mwalimu Mstaafu, Tanga amejibu:

Mama, nimefundisha hisabati katika shule za msingi kwa miaka mingi, na kosa la binti yako nimelikuta zaidi kwa watoto wanaofikiri, maana mtoto asiyejali maana ya neno hafungui kamusi hata siku moja. Usimvunje moyo. Kwanza mweleze kazi ya kila kitabu. Mtunzi wa kamusi ya jumla husikiliza jinsi watu wanavyolitumia neno sokoni, shambani, katika mashairi na katika vikao, kisha huyaandika matumizi hayo yote, moja baada ya jingine. Hisabati huchukua neno moja miongoni mwa hayo ya watu, huliwekea mpaka, na tangu hapo neno hilo halina ruhusa ya kumaanisha kitu kingine ndani ya somo. Faharasa ndiyo inayouonyesha mpaka huo. Kwa hiyo aanze na faharasa, na asitafute neno tasa peke yake bali namba tasa kwa pamoja, kwa kuwa istilahi nyingi za hisabati zimeundwa kwa maneno mawili ambayo yakitenganishwa kila moja hurudi kwao.

Namba tasa ni namba nzima yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na namba yenyewe. Katika maelezo hayo neno linalobeba mzigo mkubwa ni viwili. Linaiondoa 9, kwa sababu vigawo vyake ni vitatu: 1, 3 na 9. Linaiondoa pia 1, kwa sababu ina kigawo kimoja tu. Wengi wetu tulizoea kusema kwamba namba tasa ni namba isiyogawanyika isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, na kwa maelezo hayo legevu 1 inapita mlangoni bila kuulizwa, kwani ni kweli kwamba inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe. Maelezo yenye idadi ya vigawo yanaufunga mlango huo. Kati ya 1 na 20 basi tunabaki na 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na 19.

Binti anaweza kuuliza kwa nini 1 inafukuzwa wakati haijamkosea mtu. Mwambie achukue 12 na kuivunja hadi zibaki namba tasa tupu: 2 × 2 × 3. Avunje anavyotaka, aanze na 3 × 4 au aanze na 2 × 6, atafika kwenye namba hizohizo tatu. Sasa tukiiruhusu 1 kuwa tasa, mmoja ataandika 1 × 2 × 2 × 3, mwingine ataandika 1 × 1 × 2 × 2 × 3, na majibu hayatakuwa na kikomo. Mpaka uliwekwa mahali pale ili kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 iwe na njia moja tu ya kujengwa kwa namba tasa, na mtoto akiijua sababu ya mpaka huacha kuuona kama amri.

Kuhusu taswira ya utasa, binti yako aliitazama kwa nje, akauliza namba inazaa nini ikizidishwa. Mwelekeze aitazame kwa ndani. Ukiifungua 12 unawakuta 2, 3, 4 na 6 wamo tumboni. Ukiifungua 7 hukuti mtu, isipokuwa 1, ambaye yumo katika kila namba, na 7 mwenyewe.

Mwisho, mpe mazoea haya: kila istilahi mpya iandikwe daftarini pamoja na mifano mitatu inayokubaliwa na mifano mitatu inayokataliwa, na kati ya inayokataliwa lazima uwemo mmoja unaokaribia sana kuingia. Kwa namba tasa, aandike 2, 7 na 13 upande mmoja, kisha 1, 9 na 20 upande wa pili. Asipoweza kusema kwa nini 9 imekaa upande wa pili, bado hajaielewa istilahi, hata kama maelezo ya faharasa ameyakariri neno kwa neno.

Mhariri wa Vitabu amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu mpaka wa istilahi, ila naomba nipingane nawe kidogo kuhusu kuanza na faharasa kila mara. Yapo maneno ambayo faharasa peke yake haiwezi kuyatenganisha katika kichwa cha mtoto, na kigawe na kigawo ni mfano ulio wazi kabisa. Faharasa itasema kwamba vigawe vya 3 ni 3, 6, 9, 12 na kuendelea, na kwamba vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Mtoto atakariri leo na kuvichanganya kesho, kwa sababu maneno hayo yanatofautiana kwa irabu moja tu. Hapo msaada uko katika lugha yenyewe. Nomino nyingi za Kiswahili zinazoishia na e hutaja kitu kilichotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa. Zile zinazoishia na o mara nyingi hutaja chombo kinachotenda kazi: kizibo huziba, kifuniko hufunika, kipimo hupimia. Kwa hiyo kigawe ni kinachogawanywa, na kigawo ni kinachogawanya. Katika 12 na 3, namba 12 ni kigawe cha 3, na 3 ni kigawo cha 12. Mtoto aliyeisikia tofauti hiyo kwa sikio la lugha hahitaji tena kukariri.

Tukirudi kwenye KDS na KKS, naona binti aliteleza kwa sababu alivisoma vivumishi akaziruka nomino. Aliona kidogo akachagua namba ndogo, akaona kikubwa akachagua namba kubwa. Lakini vigawe vya 4 na 6 kwa pamoja ni 12, 24, 36 na vingine visivyokwisha, hivyo kidogo kati yao ni 12. Vigawo vyao vya pamoja ni 1 na 2 tu, hivyo kikubwa ni 2. Udogo na ukubwa unapimwa ndani ya kundi lililotajwa na nomino. Nalo neno shirika lisimpotoshe: akilifungua katika kamusi atakutana na mashirika ya umma na ya biashara, ilhali hapa maana yake ni kile ambacho namba mbili zinakimiliki kwa ubia. Afadhali asome taratibu: katika namba zinazogawanyika kwa 4 na vilevile kwa 6, ipi ndogo kuliko zote?

Istilahi hizi zina historia, na kuijua kunasaidia kukisia neno litapatikana wapi. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule za msingi Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1960, kila dhana ya hisabati ilihitaji jina, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, likawa na jukumu la kusanifisha istilahi. Majina mengine yalikuwapo tayari pwani kupitia Kiarabu. Shufwa na witiri ni ya namna hiyo, na Mwislamu anayesali sala ya witiri, ambayo rakaa zake kwa jumla huishia kwenye idadi isiyogawanyika kwa mbili, ameshaielewa namba witiri bila darasa. Mraba unatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nne ndani yake, na mstatili ni kilichorefuka. Mengine yamenyambuliwa kutoka vitenzi vyetu, kama kipenyo, ule mstari unaopenya duara kutoka ukingo hadi ukingo kwa kupitia kitovu chake.

Kundi ninalolipenda zaidi ni la maneno yaliyochukuliwa nyumbani. Mche katika hisabati ni umbo lenye nyuso mbili za mwisho zilizo sawa na zinazotazamana. Mtoto akifungua kamusi na kusoma maana ya kwanza atapata mmea mchanga unaosubiri kupandikizwa, atashangaa, na atafunga kamusi kama binti yako alivyoifunga kwenye tasa. Akiendelea kusoma atakuta mche wa sabuni, na mche wa sabuni ukiuweka mezani ni umbo lenyewe: ukate mahali popote, sura ya kipande ni ileile. Hivyo mche duara na mche mstatili hupata maana mara moja. Lipo na neno pia: ni chezo la watoto linalozunguka kwa ncha yake, na umbo la pia katika hisabati ndilo hilo. Tufe ndilo lile linalorushwa katika michezo ya riadha. Kwa hiyo sheria yangu kwa watoto ni kwamba kamusi isifungwe kwenye maana ya kwanza, na neno lenye vidahizo viwili au vitatu vilivyowekewa namba, yaani lililoingizwa katika kamusi zaidi ya mara moja, lisomwe vyote hadi mwisho.

Hata hivyo, Mwalimu ana haki kabisa katika maneno kama nzima na kamili. Katika kamusi ya jumla hayo ni kama ndugu wa tumbo moja, na kimoja huelezwa kwa kingine. Katika hisabati ya shule namba nzima ni 0, 1, 2, 3 na kuendelea, ilhali namba kamili zinajumuisha pia hasi, yaani −1, −2, −3 na nyinginezo. Hapo kamusi haitamwokoa mtoto, na faharasa lazima itangulie. Thumni nayo ni ya kuangaliwa: kwa asili ya neno ni sehemu moja ya nane, lakini kwa wazee wetu thumni ilikuwa sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi. Bibi na mjukuu wanaweza kulitumia neno moja katika sentensi moja na kila mmoja akawa na hesabu yake.

Fundi wa Ujenzi amejibu:

Naomba kuongeza jambo dogo kutoka kazini, kwa sababu suala hili haliishii shuleni. Mteja mmoja aliniagiza vigae vya sakafu kwa maneno haya: chumba ni mita tatu za mraba. Nilipofika kupima nikakuta chumba ni mraba wa mita 3 kwa mita 3, yaani mita za mraba 9. Tungenunua vigae kwa maneno yake, tungetandika theluthi moja tu ya chumba. Mraba ni umbo, na mita ya mraba ni kipimo cha eneo, na maneno hayo mawili yakipishana nafasi fedha inapotea.

Vivyo hivyo kwa uwiano. Tukisema zege ni moja kwa mbili kwa nne, maana yake ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, na sehemu inaweza kuwa ndoo, karai au toroli, alimradi chombo ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nimefundisha vijana wengi, na waliochukua muda mrefu kuelewa ni wale waliodhani kwamba zile namba ni za mifuko. Watoto wakipewa neno uwiano pamoja na ndoo tatu za ukubwa tofauti na ndoo tatu zilizo sawa, watauona mpaka ambao Mwalimu ameusema.

Mwanachuo wa Ualimu amejibu:

Walimu wangu, shikamooni. Naona swali la tatu la mama halijajibiwa, nalo naliona kuwa zito kuliko mengine, kwa sababu hapa mtoto hakukosea kulielewa neno. Kuzidisha kweli kunatokana na kuzidi, na katika madarasa ya chini kila mfano anaoupata unathibitisha hivyo: 3 × 4 ni 12, na 12 imezidi 3 na imezidi 4. Neno na tendo vinakubaliana kwa miaka mitatu au minne, kisha zinaingia sehemu, na neno linabaki nyuma. Naamini mtoto aambiwe waziwazi kwamba jina la tendo lilitolewa kutokana na namba za kuhesabia, na kwamba baadaye tendo lilipanuliwa hadi kwenye namba ambazo jina halikuzitazamia.

Kinachosaidia ni kubadili namna ya kusoma alama. Tukisoma ½ × 8 kama nusu zidisha kwa nane, mtoto anasubiri ongezeko. Tukisoma nusu ya nane, jibu linatoka lenyewe, na ni tendo lilelile. Asipoamini, achore mstatili wenye urefu wa sentimita 8 na upana wa sentimita 2, apate eneo la sentimita za mraba 16. Kisha apunguze upana uwe sentimita 1, apate 8. Kisha uwe nusu sentimita, apate 4. Kanuni ya urefu mara upana haikubadilika hata kidogo, ila upana ulipopungua chini ya 1, eneo likashuka chini ya 8. Kugawanya nako kunahitaji uangalifu huohuo, kwa kuwa 6 ikigawanywa kwa nusu inatoa 12, na neno kugawanya halimwandai mtoto kupata kitu kikubwa kuliko alichokuwa nacho. Mwulize ni nusu ngapi zilizomo katika machungwa 6.

Kuna kitu kingine ambacho watoto hukitumia kama faharasa wakati sivyo kilivyo, nacho ni kifupisho MAGAZIJUTO. Kinawakumbusha mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, lakini hakielezi kwamba kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto. Mtoto anayekifuata herufi kwa herufi akipewa 10 − 3 + 2 atajumlisha kwanza 3 na 2, kisha atatoa, apate 5, wakati jibu ni 9. Kifupisho hicho kiandikwe daftarini pamoja na mfano huu pembeni yake.

Mzazi wa Morogoro ameandika tena:

Nawashukuru sana nyote. Jana jioni tulikaa mezani na kitabu, kamusi na daftari jipya. Tulianza na kigawe na kigawo kwa njia ya irabu, naye mwenyewe akaongeza kizibo na mteule kwenye ukurasa ili asisahau. KDS na KKS za 8 na 12 alizipata bila msaada, 24 na 4, na akanieleza kwa nini kidogo ni kikubwa kuliko kikubwa. Mche wa sabuni tuliukata vipande jikoni.

Kwenye namba tasa alijaza safu mbili kama Mwalimu alivyoelekeza, lakini alipofika kwenye 2 alisimama. Anasema namba 2 ameshaiandika kwenye ukurasa wa namba shufwa, na anaogopa kuiandika mara mbili, kwa kuwa kwenye kamusi kila neno lina mahali pake. Nimjibu nini?

Mwalimu Mstaafu, Tanga amejibu:

Aiandike kurasa zote mbili bila hofu. Shufwa inauliza kama namba inagawanyika kwa 2 bila baki, na tasa inauliza ina vigawo vingapi. Ni maswali mawili, na namba moja inaweza kuyajibu yote mawili kwa ndiyo. Kisha mwache atafute shufwa nyingine iliyo tasa. Usimwambie kwamba haipo. Mpe hadi 50, avione vigawo vya 4, 6, 8 na 10 mwenyewe, na aandike kwa maneno yake ni kigawo gani kinachomkatiza kila mara.